Moto wa Makaa Hauponyi Injini

Nina Fuso moja. Hubeba maharagwe na viazi kutoka Kashuga, hupita Mweso, Kitshanga na Sake hadi Goma, na likirudi huleta chumvi, sabuni, sukari na saruji. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba jambo ninaloliandika linagusa mfuko wangu mwenyewe. Desturi ya kusukuma jiko la makaa chini ya injini ya lori kila alfajiri ili iwake, ikome Masisi nzima. Na wa kwanza kuikomesha tuwe sisi wenye magari, maana madereva hawaipendi. Tunawatia humo kwa ubahili wetu.

Msomaji wa Dodoma au Mombasa pengine hajui ninazungumzia nini. Kashuga iko kwenye vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, katika uchifu wa Bashali, kwenye barabara inayotoka Mweso kwenda Kalembe na Pinga, na mbele zaidi Walikale. Malori kwetu hayapendi kutembea usiku. Giza likikaribia, kila dereva hutafuta kijiji chenye watu akalala hapo. Usiku ni wa blanketi mbili, na asubuhi ukungu hushuka hadi huuoni mti ulio ng'ambo ya barabara. Saa kumi na moja konvoyeri, yaani utingo, hutoka chini ya turubai, huenda kwa mama anayekaanga mandazi kuomba makaa yaliyokwisha kushika, huyatia kwenye babula, yaani jiko la makaa, na kulisukuma chini ya karta ya oili. Hulipepea kwa kifuniko cha sufuria. Muda ukipita, dereva hupiga stata. Injini ikigoma, hupuliza etha kwenye njia ya hewa. Ikigoma tena, huitwa vijana wasukume. Na dereva mjanja huwa ameegesha kwenye mteremko tangu jana, jiwe likiwa mbele ya gurudumu.

Sasa tazama kilicholizunguka hilo babula. Juu yake kuna mipira ya mazuti, yaani dizeli, inayotoa jasho, nyaya zilizochubuka na grisi ya miaka mingi. Juu ya mzigo wamelala abiria, akina mama na watoto wao, kwa sababu kwetu lori la mizigo ndilo basi. Pembeni mara nyingi kuna madumu ya petroli ya kuwauzia wenye pikipiki. Na hatua chache kutoka barabarani yanaanza makazi ya waliokimbia vita. Kashuga imepokea watu wa namna hiyo kwa miaka mingi, na vibanda vyao ni fito, majani na shitingi za plastiki, kimoja kimeegemea kingine. Moto ukitoka kwenye lori hauna mbali pa kwenda.

Nimeona kwa macho yangu mpira wa mazuti wa lori la mfanyabiashara mwenzangu ukilainika juu ya babula hadi ukafunguka. Mazuti yalidondoka juu ya makaa, moshi mweupe ukapanda, kisha ukawa moto. Konvoyeri, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamwota, alilivuta lile babula kwa mkono mtupu, wengine wakamwaga udongo. Lori liliondoka siku ileile. Yeye alibaki kituo cha afya, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Mwenye gari alikuwa Goma, na harufu ya kuungua haikumfikia.

Nikiwaambia wenzangu haya, jibu ni moja: baridi. Wanasema Masisi si Kisangani, bila moto injini haiwaki. Basi na tuzungumze juu ya baridi.

Mdogo wangu anaendesha lori Winnipeg, Kanada. Huko usiku wa Januari kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya gazetini. Nilimuuliza kama nao huweka makaa chini ya gari. Alicheka sana, kisha akashuka uwanjani na simu yake akanionyesha. Mbele ya lori, kando ya bampa, palikuwa na waya mnene wenye plagi, na mbele ya waya nguzo yenye soketi. Viwanja vingi vya kuegeshea magari katika mji ule vina nguzo kama hizo. "Dada, hii ni hita ya injini," aliniambia. "Jioni unachomeka, asubuhi unachomoa, unaondoka."

Nikataka anieleze inavyofanya kazi, maana sipendi kuonyeshwa kitu nisichokielewa. Ndani ya injini, mahali palipokuwa na kizibo cha chuma kwenye njia ya maji, hufungwa kipande cha kupashia joto, jamaa ya kile kilichomo ndani ya birika la umeme. Kinapasha maji ya rejeta yaliyomo kwenye injini. Maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na polepole chuma chote kinapata joto, kuta za silinda na oili vilevile. Hakuna mwali wala cheche. Ya gari dogo inaweza kuwa ya wati 400 au zaidi kidogo. Ya lori kubwa hufika 1,000 hadi 1,500. Haihitaji kuwaka usiku kucha. Saa tatu au nne kabla ya safari zinatosha, na wenye busara huweka saa ya kuiwasha yenyewe, wasilipie umeme wa bure.

Lakini kilichonigusa zaidi ni namna anavyoikagua. Kabla ya majira ya baridi hushika waya wote kwa vidole, kutoka plagi hadi injini, akitafuta ufa, mkunjo na mahali waya ulipogusa chuma cha moto. Hutazama meno ya plagi: yakiwa meusi, kuna muunganiko uliolegea, na huko ndiko moto huanzia. Huhakikisha maji ya rejeta yamejaa na hayana hewa, kwa sababu hita ikiwashwa mahali pakavu huungua mara moja. Kisha huchukua mita ya umeme na kupima kati ya meno mawili ya plagi. Kwa umeme wao wa volti 120, hita ya wati 1,500 iliyo nzima huonyesha takriban omu 10. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Halafu hupima kati ya jino na chuma cha gari; hapo mita isisome kitu kabisa, ikisoma maana yake umeme unavuja kwenye bodi. Mwisho huichomeka na kutega sikio: maji yaliyo karibu na hita huanza kutoa sauti ndogo ya kuchemka. Waya wa kuongezea ni mnene, wa kutumika nje, kwa sababu hita hiyo inavuta zaidi ya ampea 12 na waya mwembamba utayeyuka.

Na wao hawakuzaliwa na soketi mkononi. Zamani madereva wa nchi hizo za barafu walimwaga maji na oili kila jioni, wakaviingiza ndani, na asubuhi wakavipasha jikoni kabla ya kuvirudisha. Wengine waliweka vyungu vya makaa chini ya injini, kama sisi. Katika miaka ya 1940 mtu mmoja wa Grand Forks, jimbo la North Dakota nchini Marekani, jina lake Andrew Freeman, alitengeneza hita ya umeme ya kufungwa kwenye injini, na mwaka 1949 akapewa hati ya ubunifu. Makaa yakaachwa.

Nikimaliza kusimulia hivyo, wenzangu hushangilia: "Unaona? Hata Wazungu wanapasha!" Hapo ndipo ninapowakatalia. Winnipeg wanapasha injini nzima iliyozidiwa na baridi. Kashuga tunapasha injini mgonjwa ambayo mwenyewe hataki kuitibu.

Dizeli haiwashwi kwa cheche. Pistoni inabana hewa hadi hewa yenyewe inakuwa moto wa nyuzi mia kadhaa, mazuti yakipulizwa ndani yanalipuka. Injini yenye ringi nzima, nozeli safi, betri yenye nguvu na oili inayostahili huwaka kwenye nyuzi 10 juu ya sifuri bila kuombwa sana, na baridi ya Masisi asubuhi haiendi mbali na hapo. Ni kweli hewa ya milimani ni nyepesi na hubanika kwa shida kidogo. Lakini lori zima linaiweza. La kwako likihitaji makaa kila siku, tatizo si hali ya hewa. Ringi zimekula, au nozeli zinakojoa badala ya kupuliza, au betri imezeeka, au hewa inaingia kwenye njia ya mazuti. Makaa yanaficha ugonjwa huo kwa asubuhi moja, na mficha maradhi kifo humwumbua.

Moto wenyewe una ujeuri wake pia. Unaunguza oili iliyo ndani ya karta wakati beringi zilizo juu bado ni baridi. Etha ndiyo mbaya zaidi. Ukiipuliza kwenye injini yenye bujii za joto, zile zinazowaka ndani ya chemba kabla ya stata, inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, ikavunja ringi au kupasua pistoni. Umeokoa nusu saa, umenunua injini.

Kwa hiyo mimi nimeweka sheria katika gari langu: kazi ya asubuhi inafanywa jioni. Dereva akifika Kashuga hali chakula kabla hatujazunguka lori, na mimi nikiwepo nashika tochi. Kwanza betri. Fuso langu lina betri mbili. Ikipumzika, kila moja isome karibu volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isianguke chini ya 10. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri unaoshwa kwa maji ya moto, waya unakazwa, na waya wa kwenda kwenye chasi hausahauliwi, kwa kuwa mafundi wengi hubadilisha stata nzima kumbe ni waya ule umelika.

Pili mazuti. Kwetu mengi yanauzwa kwa madumu kandokando ya barabara, na maji hayakosekani ndani. Konvoyeri anafungua kizibo cha chini cha filta ya kutenga maji, anaacha kile kilicholala chini kitoke kwenye chupa, hadi mazuti safi yaje. Kisha anabonyeza pampu ya mkono. Kama inakuwa laini na kuhitaji kupampiwa sana kila asubuhi, mazuti yanarudi tangini usiku kwa sababu hewa inaingia mahali, na tunapatafuta mahali hapo wakati bado kuna mwanga. Tatu oili. Wengi wetu hununua oili nzito ya 40 kwa kuwa ni rahisi kwa bei, halafu tunashangaa stata kuzunguka kwa uvivu. Ile ya 15W-40 hubaki nyepesi asubuhi na huwa na uzito wake injini ikipata moto.

Nne ni kifaa cha joto ambacho gari lilizaliwa nacho. Malori mengine yana hita kwenye njia ya hewa, mengine yana bujii za joto, na machache hayana kitu. Land Cruiser za injini ya 1HZ, tunazoziona kila siku kwenye barabara hizi, zina bujii sita, moja kwa kila silinda. Kuzipima hakuhitaji chuo. Unafungua kipande cha chuma kinachoziunganisha. Unachukua taa ndogo ya majaribio, mwisho mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye ncha ya bujii. Taa ikiwaka, bujii ina uhai, isipowaka, imekufa. Nimeona gari likitembea na bujii mbili hai kati ya sita, mwenye gari akilalamikia baridi. Moshi mweupe mzito asubuhi, wenye kuchoma macho, ni mazuti ambayo hayakuungua. Gari linakuambia lenyewe; ni juu yako kusikia.

Wapo wanaouliza: kwa nini tusifunge hita za umeme kama za Winnipeg? Baadhi ya malori makuukuu yanayotoka nchi za baridi huja na ule waya ukining'inia mbele, na huku watu huukata wakauza shaba. Jibu langu ni fupi. Goma, ambako umeme wa maji wa Virunga unafika, hakuna haja nayo. Kashuga, ambako baridi ipo, hakuna nguzo ya kuichomeka. Na kuna hatari ambayo fundi wako anapaswa kuijua: hita iliyotengenezwa kwa volti 120 za Amerika Kaskazini ukiichomeka kwenye jenereta ya volti 220 itavuta umeme zaidi ya mara tatu ya ule iliyoundiwa. Ya wati 1,500 itataka zaidi ya 5,000. Itaungua, na ikibahatika itaungua peke yake. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Tusiige kifaa chao. Tuige mazoea yao ya kukagua jioni.

Najua mtakalosema: pesa. Bujii, betri na oili nzuri zina bei, na kila kilomita kuna kizuizi. Hilo si uongo. Utafiti wa taasisi ya IPIS uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na mimi hulipa kama ninyi. Lakini hebu fanyeni hesabu yote. Dereva asiye na imani na stata yake hazimi injini kwenye kizuizi, hazimi akinywa chai, na wengine hawazimi usiku kucha. Mazuti hayo yote yanatoka kwenye mfuko wako, na moshi wake unaingia kwenye vibanda vya shitingi ambamo watoto wamelala. Lori linalochelewa hadi saa nne linafika Goma soko limekwisha kushiba. Na betri inayochoshwa kila alfajiri kwa kuzungusha injini isiyotaka kuwaka haimalizi hata nusu ya maisha yake. Ubahili huu ni ghali.

Kuna pia suala la kusukuma. Lori lenye tani kadhaa za maharagwe linapoachiwa kwenye mteremko bila injini, breki zake si zile za kila siku. Malori yenye breki za upepo hayana upepo wa kutosha, na mengine hupoteza ule msaada unaofanya pedali iwe nyepesi. Mbele yake barabara imejaa wanawake wanaokwenda mashambani na wanafunzi wanaokwenda shule. Nyuma yake kuna vijana wanaosukuma kwa noti chache, miguu ndani ya matope. Jiwe likitolewa, nani analizuia? Mwenye gari anaita hiyo ni kuwasha. Mimi naiita kamari, na anayewekwa rehani si yeye.

Ndugu zangu wenye magari, nimetaja ubaya wa kutosha. Sasa naomba mambo manne. Kila mwenye lori atoe fedha ya ukaguzi kabla ya safari kama anavyotoa fedha ya mazuti, na dereva asikatwe mshahara kwa kukataa kuondoka na betri iliyokufa. Chama cha madereva, ACCO, kiwafundishe makonvoyeri kupima bujii na kutoa maji kwenye filta, maana wengi wanajifunza kazi kwa kuchapwa makofi. Viongozi wa uchifu na kamati za kambi wakubaliane mahali pa malori kulala, mbali na shitingi, na wapige marufuku moto wowote chini ya gari. Na ninyi mlio Kanada, Marekani na Ulaya ya Kaskazini, mnaotutumia fedha za kununulia malori, ulizeni fedha hizo zimenunua nini: lori lenye betri mpya au rangi mpya.

Dereva atakayekataa kuweka babula chini ya injini kesho asubuhi asiitwe mkaidi. Mwenye gari amwulize amekosa nini jana jioni, kisha akinunue.